Muda wa kiongozi ni muda wa watu: mwongozo kamili wa kujijengea mazoea ya kutunza saa

Kwa miaka tisa nilikuwa meneja wa chama cha ushirika cha maziwa upande wa Lugari, Kaunti ya Kakamega. Asubuhi moja stima ilipotea saa mbili kasoro dakika kumi, wakati pikipiki zilikuwa bado zinaleta mitungi kituoni. Jenereta ilikuwepo na fundi alikuwepo. Dizeli ilikuwa stoo. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu, nami nilikuwa safarini kwenda Kisumu, kwenye mkutano ambao katibu wetu angeuhudhuria vizuri kuliko mimi. Simu nilikuwa nimeizima.

Maziwa mabichi yakikaa na joto lile la kiweleni, bakteria huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hadi 30 hivi. Ndiyo maana wafugaji huhimizwa kuyafikisha kwenye tangi ndani ya saa mbili au tatu tangu kukamua, na tangi liyashushe hadi nyuzi 4. Siku hiyo hayakushuka. Mnunuzi aliyakataa yote, lita 1,800. Wakati huo tulikuwa tunalipa shilingi 40 kwa lita. Fanya hesabu mwenyewe.

Kesho yake mama mmoja mwenye ng'ombe wawili alikuja ofisini, akaketi, akaniuliza kwa upole: "Meneja, ulikuwa wapi?" Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Sikuwa nimelala wala kuzembea. Nilikuwa na shughuli nyingi, na shughuli zenyewe ndizo zilizowafungia watu mlango wa stoo.

Swali lile lilinifundisha kwamba kiongozi hapimi saa zake kwa uchovu wake. Anazipima kwa idadi ya watu wanaokaa wakimngoja. Nayaandika haya kwa mwalimu mkuu, mwenyekiti wa chama, msimamizi wa zahanati, mchungaji, chifu, au yeyote ambaye akichelewa, wengine husimama. Hatua zifuatazo nilizifuata kwa mpangilio huu, na nakushauri usiruke ya kwanza.

Hatua ya kwanza: andika wiki moja jinsi ilivyo

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kwa siku sita, kila nusu saa, andika mstari mmoja: unafanya nini, na nani aliyeianzisha shughuli hiyo, wewe au mtu mwingine. Usirekebishe chochote wiki hiyo. Usingoje wiki ya kawaida pia, maana haipo. Kuna wiki ya malipo, wiki ya mtihani, wiki ya msiba. Chukua inayokuja.

Jumamosi jioni jumlisha. Tenga mafungu manne: kazi uliyoianzisha mwenyewe, kazi uliyoletewa, safari, na kungoja. Fungu la kungoja watu wengi hulisahau. Mimi nilikuta saa 61 za kazi kwa wiki. Tisa tu ndizo nilizokuwa nimezianzisha mimi. Saa 14 nilikuwa nangoja: mkutano uanze, gari lifike, mweka hazina aje kutia saini. Kabla ya hapo ungeniuliza, ningekuapia kwamba muda mwingi nautumia kupanga maendeleo ya chama.

Hatua ya pili: tenganisha kazi yako na kazi iliyokujia

Mwaka 1954 Dwight Eisenhower, aliyekuwa rais wa Marekani, alisema katika hotuba kwamba ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya maana. Ya haraka si ya maana, na ya maana kamwe si ya haraka. Mwenyewe alisema maneno hayo ameyatoa kwa aliyewahi kuwa mkuu wa chuo. Naona amezidisha kidogo. Stima ikipotea tangi likiwa limejaa, hilo ni la haraka na la maana pia. Lakini mgawanyo wenyewe unasaidia. Mkataba na mnunuzi mpya haukuwahi kunipigia simu. Haukubisha hodi. Ulikaa kwenye faili miezi minne huku nikikagua risiti za mafuta ya pikipiki.

Pitia daftari lako mstari kwa mstari, na kila mstari uulize: nikilazwa hospitali wiki mbili, nani angelifanya hili? Ukipata jina, kazi hiyo si yako tena, ni ya mwenye jina. Usipopata jina, ama ni kazi yako kweli, ama ni hatari kwa chama, kama ule ufunguo.

Kukabidhi kazi ndiko kunakowashinda viongozi wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Tatizo letu ni kwamba tunawapa watu kazi, uamuzi tunabaki nao. Unamwambia karani "simamia stoo," kisha kila lita ya dizeli inangoja sahihi yako. Hujamkabidhi kitu, umemwongezea safari ya kukutafuta. Ukimkabidhi mtu, mpe mambo manne waziwazi: matokeo unayoyataka, kiwango cha fedha anachoweza kutumia bila kukuuliza, siku ya kukuletea taarifa, na jambo moja au mawili ambayo ni lazima akupigie simu kabla ya kuyafanya. Kwa upande wetu ilikuwa hivi: tangi lisipande juu ya nyuzi 4, hadi shilingi 5,000 kwa wiki kwa dizeli na matengenezo madogo, taarifa kila Jumatatu, nipigie ikiwa maziwa yamekataliwa au mtu ameumia. Ufunguo mmoja tulimpa karani, wa akiba tukaufunga kwenye bahasha yenye sahihi mbili, ikakaa kwa bawabu.

Kisha, na hapa nilikosea mara ya kwanza, mtangaze mtu huyo mbele ya wote. Mimi nilimwita karani ofisini, tukazungumza wawili, nikadhani yameisha. Wafugaji waliendelea kumpita na kunijia, na yeye akaona aibu kuwarudisha. Ilibidi nisimame kwenye mkutano wa wanachama na kusema: mambo ya stoo na mitungi, mtafuteni huyu; akisema ndiyo ni ndiyo, akisema la ni la. Mzee mmoja alikuja wiki iliyofuata kujaribu kama nilimaanisha. Nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka kwa karani, nikarudi. Hakuhitaji kusindikizwa mara ya pili.

Atakosea. Wetu aliagiza vifuniko vya mitungi visivyoingia. Keti naye, mwulize angefanyaje tena, mwache arudishe mwenyewe. Ukimnyang'anya kazi kwa kosa la kwanza, hakuna mwingine atakayekubali kuipokea.

Hatua ya tatu: ukurasa mmoja wa wiki

Ijumaa alasiri au Jumapili jioni, kaa nusu saa na ukurasa mmoja. Anza na vitu visivyosogezwa: siku ya malipo, mtihani, kikao cha bodi, ibada. Halafu andika mambo matatu tu ambayo ni lazima yapige hatua wiki hiyo, na uyape siku na saa. Jambo lisilo na saa litaliwa na wageni. Acha theluthi moja ya ukurasa iwe tupu kabisa. Mambo yatakuja kuijaza yenyewe.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walieleza tabia ya binadamu ya kukadiria muda mfupi kuliko ule kazi itakaochukua, hata akiwa amewahi kuifanya kazi ileile ikachelewa. Dawa yake unayo tayari mfukoni. Usijiulize ripoti itachukua saa ngapi; fungua daftari uone ile ya mwisho ilichukua ngapi. Pale ambapo huna kumbukumbu, ongeza nusu ya makadirio yako.

Kwa sisi wa huku, weka mvua kwenye hesabu. Kakamega na kandokando ya Ziwa Victoria mvua nyingi hushuka alasiri, na barabara ya murram baada ya saa nane mchana si ile uliyopita asubuhi. Ziara za nje nilizipeleka Jumanne na Alhamisi asubuhi, na siku zilizobaki nikakaa kituoni. Hilo peke yake lilinirudishia karibu nusu siku kwa wiki.

Hatua ya nne: linda kipindi kimoja kila siku

Tunaishi karibu na ikweta. Jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, Januari na Julai, halitofautiani sana. Ni neema ambayo watu wa nchi za baridi hawana: ratiba ukiipata, inakufaa mwaka mzima.

Chagua dakika 90 za kazi yako nzito, zile za bajeti, mikataba, barua ngumu. Za kwangu zilikuwa saa mbili na nusu hadi saa nne, maziwa yakishapokelewa. Usiige zangu. Mwalimu mkuu huenda akapata zake kabla ya gwaride la asubuhi, na msimamizi wa zahanati mchana foleni ikipungua. Waambie watu kipindi hicho kipo na kinaisha saa ngapi. Mtu akijua atakuona saa nne, atangoja bila kinyongo, asipojua, atagonga.

Hatua ya tano: mikutano

Hapa ndipo kiongozi anapowaibia watu bila kujua. Chukua mkutano wa watu 40 unaocheleweshwa saa moja na nusu. Ni saa 60 za watu zimepotea. Kanuni za jumla za kazi hapa Kenya zinataka wiki ya kawaida isizidi saa 52 kwa siku sita, kwa hiyo asubuhi moja tu tumeteketeza zaidi ya wiki nzima ya mfanyakazi. Kati ya hao 40 kuna aliyeacha mahindi yakipaliliwa na vibarua peke yao, na kuna aliyemwachia mtoto ng'ombe.

Anza na mwaliko. Saa zetu za Kiswahili na saa za simu hazisomeki sawa, na nimeona watu wakifika saa nane mchana kwa mkutano wa 8.00 asubuhi, wakiwa na barua mkononi. Andika zote mbili: "saa tatu asubuhi, ambayo kwenye simu ni 9.00." Andika pia saa ya kumaliza. Mtu anayejua atatoka saa tano ana sababu ya kufika saa tatu.

Anza na waliofika. Mkutano wangu wa kwanza wa namna hiyo ulianza na watu sita, na nilitetemeka. Kabla yake nilikuwa nimepita nyumbani kwa wazee watatu wanaoheshimika, nikawaeleza ninachotaka kufanya na kwa nini, maana mzee asifikie aibu ukumbini. Wawili walifika mapema. Walioingia baadaye tuliwasalimu kwa kichwa, tukaendelea, hatukurudia yaliyopita. Mambo yanayohitaji uamuzi tuliyaweka mwanzo kabisa: siku ile ilikuwa bei ya chakula cha ng'ombe dukani, na waliochelewa wakakuta imeshapitishwa. Mkutano wa nne ulijaa saa tatu na dakika tano.

Kila ajenda ipewe dakika zake kwenye karatasi, na sala na salamu zihesabiwe, kwa sababu hatuwezi kukutana bila hizo na hatupaswi. Hotuba za wageni waheshimiwa zipewe dakika pia, na wajulishwe kabla. Mwishoni, kabla ya sala ya kufunga, katibu asome mambo matatu kwa sauti: nani, afanye nini, lini. Kumbukumbu ndefu zinaweza kungoja.

Na kila mwezi jiulize mkutano upi ufe. Sisi tulikuwa na kikao cha wafanyakazi kila Jumatano alasiri ambacho hakuna aliyekumbuka kilianzishwa kwa nini. Tulikigeuza kuwa dakika kumi za kusimama kando ya tangi asubuhi.

Hatua ya sita: wageni na simu

Huku kwetu mgeni hafukuzwi, na sitaki kiongozi ajifunze kufukuza. Weka saa za mlango wazi kila siku. Zangu zilikuwa saa sita hadi saa saba na nusu, na siku ya soko ziliongezwa. Saa hizo weka kazi nyingine pembeni, msikilize mtu mpaka mwisho. Akija nje ya saa hizo, toka umsalimie ukiwa umesimama, mwulize kama ni jambo la kungoja au la kuungua. Wengi watasema ukweli.

Simu ilinisumbua zaidi. Baada ya yale maziwa niliapa sitaizima tena, nikawa mtumwa wa kila mlio. Suluhisho lilitokana na makubaliano na watu watatu: karani, fundi na mwenyekiti. Wakinipigia mara mbili mfululizo, napokea popote nilipo, hata kanisani. Simu nyingi siku hizi zinaweza kuwekwa zinyamaze kwa wote isipokuwa namba ulizozichagua. Wengine wote nawajibu saa sita na saa kumi. Makundi ya WhatsApp yazime mlio yote, uyasome mara mbili kwa siku, na usitoe uamuzi wa chama humo. Uamuzi uliotolewa kati ya picha za harusi na dua za asubuhi hakuna atakayeupata wiki ijayo.

Hatua ya saba: matanga na harambee

Ushauri wa kutunza muda unaotoka mbali haujui Jumamosi zetu. Kiongozi wa Magharibi mwa Kenya na Nyanza anaweza kuzika kila wikendi mwaka mzima. Mazishi huchukua siku nzima, na kukosekana kwako kunasemwa miaka mingi. Sitakuambia uache kwenda. Kumzika mtu ni sehemu ya kuwaongoza watu wake.

Tuliunda zamu. Kamati yetu ilikuwa na watu tisa. Kila mwanachama akifiwa, wawili wa zamu wanakwenda kwa jina la chama, na barua ya rambirambi isomwe. Mchango unapelekwa kwa M-Pesa kwa mweka hazina wa familia, kiwango kimoja kwa kila mwanachama, mwenye ng'ombe mmoja na mwenye kumi. Usawa huo ulituepusha na manung'uniko mengi.

Mimi mwenyewe nilianza kwenda siku za katikati ya wiki, jioni, kabla ya mazishi. Nilikaa nusu saa na wafiwa, hakuna kipaza sauti, hakuna itifaki. Nilidhani wataona nimewapunja. Mjane mmoja aliniambia miezi baadaye kwamba wa Jumamosi hakuwakumbuka, walikuwa wengi mno, ila mimi nilimkuta akiwa peke yake jikoni. Kwa msiba wa mtu wa karibu kabisa, mfanyakazi mwenzako, mwanakamati, jirani, nenda Jumamosi na ukae mpaka kaburi lifunikwe. Ukiwa pale uwe pale.

Harambee nazo zipewe fungu la mwaka, la fedha na la siku. Fungu likiisha mwezi Agosti, sema limeisha.

Hatua ya nane: jioni, na wiki ikiharibika

Lala. Kiongozi aliyelala kwa muda wa saa nne tu usiku mzima anakasirika bure na kuamua vibaya, na uamuzi mbaya huchukua wiki kuurekebisha. Kabla ya kutoka ofisini andika mstari mmoja: kesho naanza na hili. Watoto wako pia wanakungoja. Waandike kwenye ule ukurasa wa wiki kwa saa kamili, kama unavyoiandika kamati.

Ziko wiki zitakazovunjika zote. Kwetu ilikuwa ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia kwa jirani. Siku 12 sikugusa ukurasa. Wiki kama hiyo usijaribu kulipia yaliyopita. Chora mstari chini yake, chukua yale matatu, yapunguze yawe moja, anza na hilo.

Baada ya wiki nane lirudie daftari la hatua ya kwanza, siku sita vilevile. Mara ya pili nilikuta saa 54 badala ya 61. Nilizozianzisha mwenyewe zilikuwa 17, na za kungoja zilishuka kutoka 14 hadi tano. Hizo tano karibu zote zilikuwa za kutafuta watia saini wa benki, maana walikuwa watatu tu na mmoja alikuwa anaishi Eldoret. Jambo hilo halikuwa mikononi mwangu. Nililipeleka kwenye kamati, kamati ikalipeleka mkutano mkuu, na tulingoja hadi Machi kuongeza mtia saini wa nne. Akachaguliwa yule mama mwenye ng'ombe wawili.